Golden Visa ya Dubai: Inakugharimu pesa ngapi, inakupa nini, na wasee wanachezwa wapi

Ukikaa TikTok dakika kumi hukosi kumpata. Msee amesimama kwa balkoni, Burj Khalifa inawaka nyuma yake, anakwambia ameomoka, ako na Golden Visa, na wewe pia unaweza. Mwandikie tu "Dubai" kwa inboksi. Ukicheki huko chini, mbogi nzima inaitisha form.

Kabla umwandikie, na kabla mathe auze ile ploti ya Kitengela ndio uende majuu, hebu soma hii kwanza. Golden Visa ni kitu ya ukweli. Iko kwa sheria, na Mkenya hajazuiwa kuiomba. Lakini iko na bei inayojulikana, na hiyo bei haishuki ati ju unajuana na mtu.

Hii kitu ni nini?

Golden Visa ni kibali cha ukaazi cha muda mrefu kinachotolewa na Falme za Kiarabu, ile nchi ya Dubai na Abu Dhabi. Ilianza 2019, na masharti yake yakalegezwa Oktoba 2022.

Ili uelewe mbona watu wanaililia, kumbuka vile wageni wengi huishi huko. Visa yako imefungwa kwa mwajiri. Kazi ikiisha, saa inaanza kuhesabu, na usipopata mwajiri mwingine unapanga mabegi. Huyo mwajiri ndiye sponsa wako, na si sponsa yule unafikiria.

Ukiwa na Golden Visa huna haja ya sponsa. Unajisimamia mwenyewe. Mwekezaji wa nyumba anapewa miaka 10, na inaongezwa akiwa bado ametimiza masharti. Hizi ndizo faida zenyewe:

- Unaishi, unafanya kazi na unasoma huko bila kumtegemea mwajiri.
- Unaleta bibi au bwana yako, na watoto wa umri wowote.
- Unaweza kukaa nje ya nchi zaidi ya miezi 6 na visa isife. Visa za kawaida hufa ukipitisha hapo.
- Mshahara wako haukatwi kodi ya mapato, ju huko hawatozi watu binafsi hiyo kodi.

Mastaa wa Bollywood kama Shah Rukh Khan na Sanjay Dutt walipewa zao. Hapo ndipo wengi wakajua kuna kitu inaitwa hivyo.

Ile haikupi

Haikupi pasipoti. Rudia hiyo mara mbili, ju ndiyo uongo mkubwa unaouzwa mtaani. Tangu 2021 Falme za Kiarabu zinaweza kumpa uraia mgeni mmoja mmoja, kama wawekezaji wakubwa, wanasayansi na wenye vipaji, lakini lazima upendekezwe na watu wa juu serikalini. Hakuna fomu ya kujaza. Ukiambiwa "nunua keja Dubai upate pasipoti," jua hapo unachezwa.

Kwa hivyo ukiwa na Golden Visa bado wewe ni Mkenya mwenye pasipoti ya Kenya. Ukitaka kwenda Ufaransa, utapanga laini ya visa kama sisi wengine.

Pia, haikai yenyewe hewani. Umepewa ju uko na mali. Ukiuza ile nyumba, ile sababu ya kupewa visa imeisha, na visa ya bibi na watoto ilikuwa imeshikilia yako.

Bei bila kupaka rangi

Kiwango cha mwekezaji wa nyumba ni dirham milioni 2. Dirham imefungwa kwa dola, dola moja ni dirham 3.67, kwa hivyo hiyo ni kama dola 545,000. Ukibadilisha kwa shilingi 129 kwa dola, unaongea karibu milioni 70.

Na hapo hujamaliza. Dubai Land Department, ofisi ya ardhi ya Dubai, inatoza asilimia 4 ya bei kuhamisha umiliki. Kwa nyumba ya dirham milioni 2, hiyo ni dirham 80,000, kama shilingi milioni 2.8. Ajenti naye kwa kawaida huchukua asilimia 2. Ongeza ada za visa yenyewe, vipimo vya afya, kitambulisho na bima. Halafu kila mwaka kuna ada ya kutunza jengo, iwe unaishi hapo au nyumba iko tupu.

Si lazima iwe nyumba moja. Unaweza kuwa na mbili au tatu ambazo jumla yake inafika milioni 2. Nyumba ya mkopo pia inahesabiwa, bora mkopo uwe umetoka kwa benki ya huko inayokubalika na uwe na barua yake. Hata nyumba ya kwenye ramani, ile bado inajengwa, inaweza kuhesabiwa kama mjenzi ameidhinishwa.

Usipotaka nyumba, kuna njia ingine: weka dirham milioni 2 kwa mfuko wa uwekezaji uliosajiliwa huko, ama uwe na kampuni inayolipa serikali ya huko kodi ya angalau dirham 250,000 kwa mwaka. Hiyo ya mwisho ni karibu shilingi milioni 8.8 za kodi peke yake, kwa hivyo jiulize biashara yenyewe lazima iwe inaingiza ngapi.

Mtego wa chama

Hapa ndipo Wakenya wanaweza kuumia, ju sisi ni watu wa chama. Mnaketi wasee kumi, kila mtu anatoa milioni 7, mnafika 70. Mnanunua keja Dubai na mnangoja visa kumi. Hamtapata hata moja.

Nyumba ikiwa na wamiliki wengi, hisa ya kila mmoja ndiyo huangaliwa, na kila mmoja anayetaka visa lazima hisa yake ifike dirham milioni 2. Bibi na bwana ndio wanaweza kuunganisha hisa zao, wakiwa na cheti cha ndoa kilichothibitishwa. Chama chenu kinaweza kumiliki nyumba na kugawana kodi ya mpangaji, hiyo ni biashara sawa. Lakini kama form ilikuwa visa, mmetoa pesa yenu bure.

Hatua kwa hatua

1. Hakikisha pesa yako ina historia. Benki ya Kenya itakuuliza imetoka wapi, na ya Dubai itauliza tena. Mnamo Februari 2024 shirika la kimataifa linalopambana na utakatishaji fedha, FATF, liliiweka Kenya kwa orodha ya kijivu, na kwa mkutano huohuo likaitoa Falme za Kiarabu kwa hiyo orodha. Kwa hivyo pande zote mbili ziko macho. Weka karatasi za kuuza shamba, hesabu za biashara na risiti za kodi.

2. Tafuta nyumba kwa maeneo ambayo mgeni anaruhusiwa kumiliki moja kwa moja. Dubai ilifungulia wageni mlango huo 2002, na maeneo kama Dubai Marina, Downtown na Palm Jumeirah yako kwa hiyo orodha. Si kila mtaa uko.

3. Kagua ajenti na mjenzi. Ajenti wa ukweli Dubai ako na namba ya leseni. Dubai Land Department iko na programu ya simu inaitwa Dubai REST, unaweza kuangalia huko leseni ya ajenti, mradi na hata taito.

4. Lipa mahali panafaa. Kwa nyumba ya kwenye ramani, sheria ya Dubai ya 2007 inataka pesa za wanunuzi ziwekwe kwa akaunti maalum ya huo mradi, isichanganywe na pesa zingine za mjenzi. Ukiambiwa utume kwa akaunti ya mtu binafsi, toka mbio.

5. Ukishapata taito, ndipo unaomba visa, kupitia Dubai Land Department au ofisi ya uhamiaji ya Dubai, GDRFA. Utapimwa afya, utachukuliwa alama za vidole, utaonyesha bima ya afya, halafu unapewa kitambulisho cha huko.

Ona mpangilio: mali kwanza, visa baadaye. Mtu akitaka ulipe visa kabla ya mali, ameigeuza ju anajua mali haiko.

Ile risto ya 2025

Julai 2025 kulisambaa habari kwamba Dubai sasa inauza Golden Visa ya maisha yote kwa dirham 100,000, kama shilingi milioni 3.5 hivi. Ilianzia India, ikazunguka dunia kwa siku chache, na watu wakaanza kuhesabu akiba. Mamlaka ya uhamiaji ya Falme za Kiarabu, ICP, ikatoka na kukana wazi: hakuna kitu kama hiyo, na maombi yote hupitia njia rasmi za serikali. Kampuni iliyokuwa inaitangaza ikaomba msamaha.

Sasa fikiria kama habari ya uongo iliingia mpaka kwa vyombo vikubwa vya habari, ni ngapi zinapita kwa WhatsApp ya mtaa wenu bila mtu kukana?

Kama huna milioni 70

Wengi wetu hatuna, na hiyo si soo. Kuna njia zingine za halali ambazo hazihitaji kununua nyumba:

- Golden Visa ya wataalamu: uko na digrii, kazi ya ngazi ya juu huko, na mshahara wa dirham 30,000 kwenda juu kwa mwezi.
- Green Visa ya miaka 5: kwa mtaalamu mwenye mshahara wa kuanzia dirham 15,000, ama mtu anayejiajiri aliyefikisha kiwango cha mapato kinachotakiwa kwa miaka miwili iliyopita.
- Visa ya kufanya kazi ukiwa mbali: unaishi Dubai mwaka mmoja ukifanyia kampuni ya nje, na mapato yako ni dola 3,500 au zaidi kwa mwezi.

Na kama form yako ni kazi ya kawaida, basi tafuta kazi, usinunue "visa". Gharama za kukuajiri zinafaa kubebwa na mwajiri wa huko, hiyo ni sheria yao. Huku Kenya, angalia kama ajenti yuko kwa orodha ya Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, NEA. Na usikubali kupelekwa na visa ya kutembea ukiahidiwa "itabadilishwa ukifika". Kufanya kazi na hiyo visa ni kosa, na tangu 2024 mwajiri akipatikana faini inaanzia dirham 100,000. Akinusa msako, wewe ndiye utawachwa nje na begi.

Mbona usikimbilie tu Ulaya?

Ju milango inafungwa. Uingereza ilifunga visa yake ya wawekezaji Februari 2022. Ireland ikafuata 2023. Ureno ilitoa ununuzi wa nyumba kwa mpango wake Oktoba 2023, sasa njia kubwa ni kuweka euro 500,000 kwa mifuko ya uwekezaji. Hispania ilifunga kabisa Aprili 2025. Ugiriki bado iko wazi, lakini Athens na visiwa vyenye jina imepandisha kutoka euro 250,000 mpaka 800,000. Kwa Ureno, Hispania na Ugiriki, sababu inayotajwa sana ni moja: wenyeji walilia kwamba matajiri wa nje wanapandisha bei ya nyumba.

Marekani iko na EB-5, ambapo unaweka dola 800,000 au zaidi na lazima mradi utengeneze nafasi 10 za kazi. Hapa karibu, Mauritius inakupa ukaazi ukinunua nyumba ya dola 375,000 kwa miradi iliyoidhinishwa. Na usisahau sisi pia tunauza: mgeni anayetaka kibali cha mwekezaji Kenya, Class G, anafaa kuonyesha dola 100,000.

Hiyo yote inakuonyesha kitu moja: sheria za hizi visa hubadilika. Bei ya leo si ya mwaka ujao, kwa hivyo kabla utoe pesa angalia tovuti ya serikali yenyewe siku hiyo.

Maswali matatu ya kumuuliza yule msee wa balkoni

Taito ya hiyo nyumba ina jina la nani? Leseni yako ya ajenti ni namba gani, niiangalie kwa Dubai REST? Na pesa inaenda kwa akaunti gani?

Mtu wa ukweli atajibu hizo tatu kwa dakika tano, na hatakasirika. Akianza kukuambia "nafasi zimebaki mbili" ama "tuma ya kushikilia kwanza", funga hiyo chati, umpigie mathe simu, umwambie ploti ya Kitengela isiguswe.