Mutombo bila kombe: ni mkubwa ao hapana?

Vijana wetu wakibishana nani mkubwa katika basketi, wanahesabu makombe. Michael Jordan ana 6, basi mabishano yamekwisha. Kwa hesabu hiyo Dikembe Mutombo, mzaliwa wa Kinshasa, hana kitu: alicheza NBA misimu 18, akafika fainali mwaka 2001 na 2003, akashindwa zote mbili.

Lakini mwaka 1994 timu yake ya Denver, iliyoshika nafasi ya 8, iliiondoa Seattle iliyokuwa ya kwanza. Jambo hilo halikuwa limetokea mbele. Alizuia mitupo 3,289. Hakeem Olajuwon peke yake ndiye anamzidi. Leo timu zinatafuta watu warefu wanaotupa kutoka mbali, lakini bado zinahitaji mlinzi chini ya kikapu.

Mama yake alifariki Kinshasa bila kufikishwa hospitalini, sababu watu walikatazwa kutoka nje usiku. Ninyi mliokimbia vita mnajua maana yake. Mwaka 2007 hospitali yenye jina la mama huyo, Biamba Marie Mutombo, ilianza kupokea wagonjwa kulekule.

Mutombo alituacha mwaka 2024. Vijana, mkihesabu makombe, hesabuni na hospitali hiyo.