Pilipili za Padrón
Pilipili za Padrón ni pilipili ndogo za kijani, za spishi ya Capsicum annuum, zinazotoka Galicia, kaskazini-magharibi mwa Hispania. Huchumwa changa, zikakaangwa nzima kwa mafuta ya zeituni na kunyunyiziwa chumvi ya mawe. Nyingi hazina ukali, lakini katika sahani hiyohiyo huweza kuwemo moja ya kumtoa mlaji machozi, na kwa macho haitambuliki. Chanzo cha ukali huo ni kapsaisini, kemikali inayotengenezwa kwenye utando mweupe unaoshika mbegu, wala si kwenye mbegu zenyewe kama wengi wanavyodhani. Mmea uliokosa maji au kupigwa na joto kali huweza kuitengeneza kwa wingi, na tunda lililochelewa kuchumwa huzidi kuwasha. Aliyewashwa anywe maziwa. Maji hayasaidii, kwani kapsaisini haiyeyuki vizuri ndani yake.