Kisukari: Neno Lililobeba Lawama

Sokoni Same ukiulizia kisukari, muuza ndizi atakuonyesha chane ya ndizi ndogo tamu zilizoshushwa kutoka milimani. Hospitalini, neno hilohilo ni ugonjwa. Lugha ililichukua neno sukari, ikalivika ki-, ikaliweka safu moja na kifafa, kichocho na kipindupindu. Jina jepesi kutamka, lakini watoto wenye kisukari cha aina ya kwanza limewatwisha lawama isiyo yao.

Aina hii hailetwi na kula sukari. Kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupambana na vijidudu, hugeukia chembe za kongosho zinazotengeneza insulini na kuziangamiza. Pasipo insulini, sukari haipati njia ya kuingia kwenye chembe za mwili itumike. Hujaa kwenye damu na kutokea kwenye mkojo. Mtoto anakunywa maji kiu isiishe, anakojoa usiku kucha, anakonda ilhali anakula. Nyumbani wanaulizana nani kamzoesha soda, na mama anajilaumu bure.

"Aina ya kwanza" nayo ina mtego wake. Masikio yetu husikia madarasa: la kwanza, kisha la pili. Ndipo mzazi anauliza, "Daktari, akichoma insulini vizuri si hatafika aina ya pili?" Hizo si hatua, ni magonjwa mawili. Mimi ningesema kisukari cha kukosa insulini. Ni refu, ila linataja kilichopungua, na linaeleza kwa nini hakuna mzizi unaoshika nafasi ya sindano. Kabla ya Januari 1922, kijana wa miaka 14 alipochomwa insulini ya kwanza huko Toronto, ugonjwa huu ulikuwa kifo tu.

Jina kisukari lina hatari nyingine. Kipimo cha sukari kwenye damu kikisoma chini ya 4 mmol/L, mtoto anatetemeka, jasho linamtoka, anaongea ovyo. Hapo sukari ndiyo dawa. Aliyeambiwa sukari ni sumu kwake atasita, na kusita kunaua. Maadamu anaweza kumeza, apewe maji ya sukari papo hapo, makande yafuate baadaye.

Same mjini joto ni kali, na insulini haipendi joto. Katika nyumba moja isiyo na friji niliona chungu kidogo ndani ya kikubwa, katikati mchanga uliolowa, vyote kivulini. Nilimuuliza bibi wa nyumba hiyo kama iliyohifadhiwa ndani ni dawa ya sukari.

"Hapana, mwanangu," alisema, akiumwagilia mchanga. "Ni insulini ya mjukuu wangu. Mwili wake hauitengenezi."