Safu ya Lugha: Boriti

Msomaji wa Injili analijua neno hili kutoka jichoni mwa mwenye kulaumu. Fundi wa Lamu au wa Mji Mkongwe wa Zanzibar analijua kutoka darini. Kwake, boriti ni mti wa mkoko ulionyooka, mnene kuliko fito na pau, unaolazwa toka ukuta hadi ukuta kubeba sakafu ya juu.

Mti huo hauvuki nafasi kubwa: mita 3 hivi, basi. Ndiyo maana vyumba vya nyumba za mawe ni vyembamba na virefu. Mkoko ndio uliokata upana wa sebule.

Siku hizi boriti ni hata ya chuma au ya zege, kwa urefu upendao, na hapo ndipo majengo yanapoponzeka. Anayegeuza nyumba kuwa hoteli hutaka ukumbi mpana. Huvunja ukuta, akapitisha boriti ya zege. Uzito wake hukusanyika pahali pamoja, juu ya kuta za mawe ya matumbawe na chokaa. Plasta ya saruji nayo hufungia unyevu ukutani, ilhali chokaa huuachia utoke.

Mji Mkongwe uliingia katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000, lakini haukugeuzwa makumbusho. Watu wanaishi na kufanya biashara. Umeme, bafu na wageni wana nafasi yao. Ila kabla ya kuchora ramani ya ukarabati, tazama juu: ukuta ulioshika vichwa vya boriti haubomolewi.