Kangaga: Mgeni Mwenye Kwao

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa nikiifasiri, kwa kuifurahisha nafsi tu, tamthilia ya Shakespeare iitwayo Henry IV, sehemu ya kwanza. Humo mna mwizi wa njiani anayejigamba mbele ya mtumishi wa nyumba ya wageni kwamba yeye na wenziwe wanayo siri ya mbegu ya mmea fulani, kwa hiyo hutembea pasi na kuonekana. Mmea wenyewe niliujua kwa sura. Ndio ule ulioning'inia barazani pangu hapa Tegeta, majani yake marefu yamechanuka mithili ya manyoya, niliounua kwa muuza miche kando ya Barabara ya Bagamoyo. Jina lake la Kiswahili ndilo sikulijua. Nikarudi kwa muuza miche, kijana mwenye adabu zake, nikamwuliza.

"Hilo ni ua la kizungu, mzee."

Nikamwambia kwamba mmea huo hautoi ua hata siku moja. Akacheka, akasema, "Basi ni ua la ndani."

Kamusi ndiyo iliyonitoa gizani: kangaga, wingi wake makangaga. Nilipolisoma nilijiona mjinga, kwani neno hilo limo masikioni mwangu tangu utoto. Kule Pemba, katika Wilaya ya Wete, kipo kijiji kiitwacho Kangagani. Sijidai kuwa mtaalamu wa majina ya mahali, lakini mtu aliyezoea kupita Miembeni, Michenzani na Mikunguni atashindwaje kulisikia kangaga ndani ya Kangagani? Nimelitamka jina hilo mara nyingi nisijue kwamba nautaja mmea.

Na kweli kangaga si geni kwetu. Wanasayansi walioandika orodha kuu ya mimea ya Afrika Mashariki, kazi iliyoanza kuchapishwa mwaka 1952 na kukamilika 2012, wameyapa makangaga sehemu zake. Lile wanaloliita Nephrolepis biserrata, ndugu wa karibu wa kangaga la sebuleni, humea lenyewe bara na visiwani, penye kivuli na maji. Lipo jingine, Acrostichum aureum, kubwa la kumzidi mtu kimo, linalosimama nyuma ya mikoko na kuvumilia maji ya chumvi. Mkata mikoko analijua vyema kuliko mimi.

Basi imekuwaje lirudi kwetu kama Mzungu?

Turejee kwanza kwa yule mwizi wa Shakespeare. Watu wa Ulaya waliona kangaga halitoi ua wala tunda, na hata hivyo linazaana. Wakakata shauri kuwa lazima lina mbegu, ila mbegu hizo hazionekani. Na mwenye kuzipata naye hataonekana. Siri hiyo ilifumbuliwa kikamilifu mwaka 1851 na Mjerumani Wilhelm Hofmeister, ambaye kazi yake ilikuwa katika biashara ya baba yake ya kuchapisha muziki, na elimu ya mimea alijifundisha mwenyewe. (Wenzangu tusio na vyeti tumtaje kwa heshima.) Vile vidoto vya kahawia chini ya jani, ambavyo wengi wetu huvidhania wadudu tukalikata jani zima, ni vifuko vya vumbi liitwalo spora. Spora ikianguka penye unyevu huota kijani chembamba kisichozidi ukucha wa kidole. Hapo ndipo huumbika mbegu za kiume na za kike, na ya kiume haina budi kuogelea ili iifikie ya kike. Kangaga huzaliwa kutokana na muungano huo. Pasipo maji, hapana harusi.

Lakini aliyeliingiza kangaga sebuleni ni daktari wa London, Nathaniel Bagshaw Ward. Alikaa mashariki ya mji ule, karibu na bandari, mahali palipofunikwa na moshi wa makaa ya mawe. Alijaribu kuotesha makangaga uani kwake, moshi ukayaua yote. Mwaka 1829 alimfukia kiwavi aliyekwisha kujifunga katika udongo mbichi ndani ya chupa, akaifunika, ili amwone nondo atakapochomoza. Kabla ya nondo, ukachipua mche wa kangaga pamoja na unyasi. Mvuke ulipanda mchana, ukagota kwenye kioo, ukateremka tena udongoni. Na kangaga lile likaishi karibu miaka 4 bila ya kumwagiliwa hata tone.

Mwaka 1833 Ward alipakia masanduku ya kioo katika jahazi la kwenda Sydney. Mimea ikafika hai, na masanduku yakarudi na mimea ya Australia, kangaga mojawapo, nayo ikafika salama. Ili tuuone uzito wa jambo hili tukumbuke safari ya mkonge: mwaka 1893 Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, na iliyofika Tanga hai ilikuwa 62 tu. Upepo, chumvi na kiu ndivyo vilivyokuwa vikiua mimea baharini.

Huko Uingereza likazuka wazimu wa makangaga. Kila mwenye uwezo alitaka lake ndani ya kioo, na misitu ikang'olewa. Sanduku lilelile likapewa kazi nzito zaidi: Robert Fortune alilitumia kuhamisha chai ya Uchina kuipeleka India, na mwaka 1876 miche ya mpira, iliyotokana na mbegu za Brazil, ilisafirishwa ndani yake kutoka London hadi Ceylon. Pambo la sebule likawa chombo cha dola. Nikiona kangaga katika chungu siwezi kulisahau hilo.

Lile tulilo nalo wengi majumbani asili yake ni Marekani. Mwaka 1894, katika shehena ya makangaga iliyotoka Philadelphia kwenda Boston, lilionekana moja lenye majani ya kuinama kwa haiba, nalo likaenea ulimwenguni kwa jina la mji huo. Ua dogo la zambarau la Usambara lilikuwa limeshika njia kinyume: Mjerumani Walter von Saint Paul-Illaire alilipeleka kwao mwaka 1892, na mwaka uliofuata likapewa jina lake, Saintpaulia. Yetu yaliitwa kwa majina yao, na ya kwao yakatusahaulisha majina yetu.

Langu hapa Tegeta lilikaribia kufa. Ncha zilikauka, vijani vikapukutika sakafuni kama pumba. Nilimlaumu muuza miche bure. Jua la alasiri lililipiga barazani, vumbi la barabara likaliziba. Nikaliingiza ndani, nikaliweka chini ya pangaboi, nikazidisha balaa. Na maji niliyolipa yalikuwa ya kisima, ambayo hata chai huyakataa kwa chumvi. Yule nduguye wa mikokoni angeyanywa akashukuru, hili haliwezi.

Nikaanza upya. Nilikata yote yaliyokufa, nikaligawa shina mafungu mawili, nikachanganya mboji na makumbi ya nazi yaliyochambuliwa. Hapa nina neno na wasomaji wa visiwani: yasiwe yale makumbi yaliyofukiwa pwani kwa ajili ya kusokota kamba, maana chumvi imekwisha kuyaingia. Chungu kimoja nilikiweka bafuni, chini ya kidirisha cha mashariki. Cha pili nilikiweka ukumbini, kando ya mtungi, juu ya sahani yenye kokoto na maji kidogo, chungu kisiguse maji. Nalimwagilia maji ya mvua niliyokinga masika, udongo ukianza kukauka juu tu. Kusi inapokausha hewa, huliogesha jani kwa jani asubuhi.

La bafuni ndilo lililotangulia kupona. Wiki ya sita lilitoa chipukizi lililojiviringa kama mkia wa kinyonga, lenye manyoya ya fedha, likawa likijikunjua kidogo kidogo kila siku.

Jioni ile niliifungua tena tafsiri yangu. Pale mwizi anapojigamba nilikuwa nimeandika "mbegu ya uchawi". Nikaifuta, nikaandika: mbegu ya kangaga.