Alama Fiche: Ushahidi wa Picha Iliyo Mali ya Wengi

Alama fiche ni taarifa inayopachikwa ndani ya picha ya kidijitali ili kuthibitisha ni ya nani. Asili yake ni karatasi: tangu karne ya 13 mafundi wa Fabriano, Italia, walitia alama zisizoonekana mpaka karatasi imulikwe, kama zilivyo kwenye noti zetu hadi leo.

Picha ya simu ni mamilioni ya vitone viitwavyo pikseli, kila kimoja na nambari za rangi yake. Programu huzibadilisha nambari hizo kidogo mno, kwa kufuata ufunguo wa siri. Jicho halioni tofauti, lakini mwenye ufunguo huisoma alama. Jina lililoandikwa pembeni ni rahisi kukatwa, na maelezo ya faili aghalabu hufutika picha ikitumwa kwa WhatsApp. Alama iliyotawanywa picha nzima, ikitengenezwa vyema, yaweza kustahimili kukatwa na kubanwa.

Na picha ikiwa ya wengi? Tuseme akina mama watano wa Isiolo, Waborana, Wasamburu na Waturkana, wanauza shanga na wamepigisha picha za kazi yao. Mmoja akibaki na ufunguo peke yake, kesho atadai picha ni zake. Dawa yake ilielezwa mwaka 1979 na Adi Shamir, mtaalamu wa hesabu: ufunguo hugawanywa vipande vitano, na vitatu vyovyote vikikutana hufungua, viwili havifichui lolote. Ni kama sanduku la chama lenye kufuli tatu, ila hapa mmoja akipoteza simu, wenziwe hawakwami.

Mwizi naye aweza kutia alama yake juu ya yenu. Hapo huulizwa picha ya asili. Ya kwenu haina alama yake, lakini ile anayoiita asili ina alama yenu ndani. Kwa hiyo picha ya kwanza, isiyotiwa alama yoyote, itunzwe na isitumwe kwa mtu.

Alama haizuii wizi, wala haigawi haki. Kwa Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001, mwenye kuipanga picha ndiye huhesabiwa mtungaji wake, basi kikundi kiandikiane mkataba na mpiga picha mapema, kisha kisajili kazi kwa KECOBO. Mitindo ya jadi yenyewe, kama ile ya shanga, ina sheria yake ya mwaka 2016 inayolinda maarifa na sanaa za jamii.

Sisi wa pwani hatuko mbali na hili. Mradi wa LAPSSET unaiunganisha Lamu na Isiolo, na picha za milango yetu ya nakshi husafiri upesi kuliko lori lolote. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kikundi chenye picha za pamoja kianze na matatu: mkataba, picha ya asili mahali salama, na ufunguo uliogawanywa.