Mawimbi ya mtetemo

Kolwezi, Kifaransa kinaita "mine" mgodi wa Mashamba Est, kikaita hivyo hivyo bomu la kutegwa ardhini. Kiswahili kinavitenga, na mtaalamu akisema anatafuta handaki au bomu lililofukiwa hatuna shida kumwelewa. Shida iko kwenye jina la mawimbi ya kifaa chake. Wengi huandika "mawimbi ya tetemeko la ardhi", na mwenye nyumba akisikia hivyo huwaza kukimbia. Mimi nashika "mawimbi ya mtetemo". Tetemeko huja lenyewe; mtetemo hata nyundo huuzaa.

Na nyundo ndiyo hutumika. Fundi hulaza bamba la chuma kwenye udongo, akalipiga kwa nguvu. Pembeni zimepangwa jiofoni, kila moja imechomekwa ardhini kwa msumari wake, ndani mna koili inayoning'inia kwenye springi kuzunguka sumaku. Ardhi ikitikisika, umeme kidogo huzalishwa na kurekodiwa. Mawimbi ya mgandamizo hupita hata kwenye maji na hewa. Ya mkato hayapiti. Handaki tupu, au lililojaa maji, huyakatiza, na pengo huonekana kwenye vipimo.

Kwa bomu, kazi ni nyingine. Mabomu mengi ni ya plastiki yenye chuma kiduchu, na udongo mwekundu wenye chuma, kama wetu, huvuruga vifaa vya kunasa metali. Lakini kifuniko cha bomu hunepa kuliko udongo, hivyo ardhi iliyo juu yake hucheza zaidi. Jiwe halifanyi hivyo. Watafiti wa Georgia Tech walisoma mchezo huo kwa rada, wa Chuo Kikuu cha Mississippi kwa leza, bila kugusa ardhi. Majani marefu huisumbua leza. Panya waliofunzwa na shirika la APOPO mjini Morogoro hawategemei mtetemo; hunusa baruti yenyewe, na wamefanya kazi hadi Angola, jirani wa mkoa wetu wa Lualaba.

Lakini kwetu hitaji kubwa ni kuyatambua mahandaki. Tarehe 27 Juni 2019, kingo za mgodi ziliporomoka karibu na Kolwezi zikaua makumi ya wachimbaji wadogo. Katika mtaa wa Kasulo, Kolwezi, tangu 2014, watu wamechimba kobalti chini ya vyumba vyao wenyewe, bila ramani. Kabla ya yeyote kuinua ukuta mpya pale, kiwanja kipigwe nyundo na jiofoni zisomwe, na gharama isiwe juu ya mwenye nyumba.